Kasha la Laki Nne

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu wa Kigali mwenye faranga laki nne, anayetaka kompyuta ya mezani iliyokwisha kuunganishwa, anunue au aache?

Swali linaonekana dogo. Lakini kwa mtu anayefungua duka la kuchapa barua na kuwajazia wenzake maombi ya huduma za serikali kwenye tovuti ya Irembo, laki nne ndiyo mtaji wenyewe, na akikosea hapo hana laki nne nyingine nyuma yake. Ndiyo maana siwakubali wanaosema "nunua chochote, mradi kinawaka". Nimewakalisha hapa watu wanne wasio na majina, wakibishana kwa Kiswahili cha mtaa wa Biryogo: mama anayetaka kufungua duka, muuzaji wa kompyuta kutoka mjini, fundi, na mwalimu wa TEHAMA wa sekondari. Mimi nitaingia pale ambapo kunyamaza kutanishinda.

MAMA: Mimi si mtu wa kompyuta, nasema mapema. Nataka kuchapa, kutoa nakala na kuwajazia watu maombi yao. Kijana wangu naye anasomea mambo ya video, anataka usiku aitumie mashine hiyohiyo. Nimepanda mjini nikaonyeshwa kasha jeusi, ubavu mmoja wa kioo, ndani taa za rangi. Nailoni haijatolewa. Limeandikwa i7. Laki nne pamoja na skrini. Nikaambiwa i7 ndiyo kubwa kuliko zote. Usiku nikakosa usingizi.

MUUZAJI: Na sikukudanganya, mama yangu. Kasha jipya, kibodi mpya, kipanya kipya, na garanti ya miezi mitatu naiandika kwa mkono wangu. Anayekuuzia mtumba wa Dubai atakuandikia nini?

FUNDI: Hiyo i7 ni namba gani, kaka?

MUUZAJI: i7-2600.

FUNDI: Basi tutaje umri wake. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi cha prosesa. 2600 ni kizazi cha pili. Intel walianza kuiuza mwanzoni mwa 2011. Sasa chukua i3-12100, kizazi cha kumi na mbili, iliyotoka 2022. Kwa jina ni ndogo, lakini kazi inayomaliza ni zaidi ya mara mbili ya hiyo i7. Zile 3, 5 na 7 hupanga madaraja ndani ya kizazi kimoja. Ukishavuka vizazi kumi, hazikwambii kitu.

MUUZAJI: Sawa, lakini mama anachapa barua! Barua haidai mashine ya 2022. Nina wateja Kimironko wanaotumia mashine za 2012 hadi leo, wanachapa na wanalisha watoto. Mnamtia mtu hofu bure.

MWANDISHI: Hapa muuzaji ana haki, na asipitwe haraka. Mashine ya 2012 ukiitoa ile diski inayozunguka, ukaiwekea SSD na RAM ya GB 8, itafungua barua na tovuti bila kumchosha mtu. Ucheleweshaji mwingi tuliouzoea kwenye kompyuta za zamani ulitoka kwenye diski, na watu wakailaumu prosesa. Anayesema mashine ya miaka kumi na zaidi haifanyi kazi kabisa anasema uongo. Shaka yangu mimi iko kwenye muda uliobaki.

FUNDI: Na muda huo una tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. i7-2600 imeachwa mbali sana na mstari huo.

MUUZAJI: Mbona mashine yangu inaonyesha Windows 11? Mama ameiona kwa macho yake.

FUNDI: Ameiona, ndiyo. Kuna njia ya kuruka ukaguzi wakati wa kuweka Windows, wewe unaijua na mimi naijua. Lakini Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine iliyopitishwa hivyo haina haki ya kuhakikishiwa masasisho. Leo sasisho linaingia, kesho toleo kubwa linagoma. Tayari toleo la 24H2 limezifungia nje kabisa mashine za Core 2 Duo, kwa sababu linadai amri ambazo prosesa zile hazina. Kwa hiyo, mama, kuona Windows 11 kwenye skrini ya duka hakuthibitishi chochote.

MAMA: Na masasisho yasipokuja, nitaona nini?

FUNDI: Hutaona kitu, na ubaya wenyewe ndio huo. Wewe utakuwa unashika namba za vitambulisho vya watu, picha zao, barua pepe zao, maneno yao ya siri ambayo watakwambia kwa sauti kwa sababu hawajui kuandika kwenye kibodi. Mashine isiyozibwa matundu inawaibia wateja wako nawe umekaa palepale.

MWALIMU: Kuna njia nyingine. Irembo ni tovuti. Muwekee Linux Mint kwenye mashine ya zamani, masasisho yanakuja bure, na barua anaandika kwenye LibreOffice.

MAMA: Mwalimu, mwenye duka la jirani ana programu ya EBM, ile ya kutoa risiti za kodi, kwenye Windows. Nikifika huko na mimi?

MWALIMU: Kwa programu hiyo utahitaji Windows, sikatai.

MUUZAJI: Mwalimu wangu, kumbe nawe unakwama! Tuseme basi ukweli wa biashara. Bei hii sikuipanga peke yangu. Februari 2025 Baraza la Mawaziri lilipitisha mpango wa kurudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu na vifaa vya TEHAMA, vitu vilivyokuwa vimesamehewa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya RAM ikapanda dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuuza kwa wenye mitambo ya akili unde. Unataka kasha jipya, prosesa ya 2022, RAM GB 16, SSD na skrini kwa laki nne? Niambie duka, nami niende nikanunue huko.

MWANDISHI: Hilo nalo ni kweli, na linatufikisha kwenye kiini ambacho mama hakuambiwa. Kwa laki nne hakuna kompyuta ya mezani iliyo mpya yote. Kasha ni jipya, taa ni mpya, nailoni ni mpya. Prosesa ya kizazi cha pili haijatengenezwa kwa miaka mingi. Iliyomo ndani imetolewa kwenye mashine ya ofisi iliyostaafu. Bodi nyingi za namna hiyo zinazotoka China huundwa kwa chipu zilizong'olewa kwenye bodi za zamani. Kwa hiyo mama hachagui kati ya kipya na mtumba. Anachagua kati ya mtumba uliovalishwa nguo mpya na mtumba unaojitaja umri wake. Mimi ningetaka kila duka la Kigali liseme hivyo kwa sauti, kwa sababu mtu akishalijua, anaanza kuuliza maswali sahihi.

FUNDI: Nami ushauri wangu uko hapo. Tafuta mashine ya ofisi ya 2018 au baada yake: Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920, yenye i5-8500. Hiyo ni prosesa ya viini sita, Windows 11 inaikubali bila hila. Tena mashine hizi ziliuzwa ofisini na Windows yenye leseni, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya bodi. Ukiisafisha na kuiweka upya, inajithibitisha yenyewe. Kwenye kasha la taa utawekewa Windows ya kuvunja kufuli, na anayevunja kufuli hujui ameacha nini ndani.

Ila jihadhari na majina. Dell waliuza OptiPlex 7010 karibu mwaka 2012, ya kizazi cha tatu. Mwaka 2023 wakalirudia jina hilohilo, OptiPlex 7010, kwenye mashine ya kizazi cha kumi na tatu. Mtu akikwambia "nina 7010" hajakwambia kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, usome jina la prosesa mwenyewe. Kisha andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia, uone kama imeandikwa 2.0.

MWALIMU: Fundi, hapo ndipo mimi nawagomea nyote wawili. Nchi hii ilipandisha ushuru wa caguwa, yaani nguo za mitumba, mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Marekani wakatusimamishia nafasi ya kuuza nguo bila ushuru kwao mwaka 2018, na hatukurudi nyuma. Tulisema hatuvai vilivyotupwa. Leo tunajaza mji kompyuta zilizotupwa na ofisi za watu, tunaita ushauri?

Na kuna somo la zamani zaidi. Mwaka 2008 Rwanda iliingia kwenye mpango wa One Laptop per Child. Ile laptopu ndogo ya kijani na nyeupe, XO, Nicholas Negroponte aliitangaza mwaka 2005 kwamba itauzwa dola 100. Ilipotoka kiwandani ilikaribia dola 200, ikiwa na RAM ya MB 256 na hifadhi ya GB 1. Zaidi ya laki mbili ziliingia katika shule zetu. Bei ya kununua ilikuwa mwanzo wa gharama tu. Shule ilitaka umeme, chaja za akiba, mwalimu aliyefunzwa, mtu wa kutengeneza. Mwaka 2015 Positivo BGH wakaanza kuunganisha kompyuta hapahapa Kigali, na mimi nilifurahi kwa sababu moja: niliona mahali pa kupeleka malalamiko. Mashine isiyo na kipuri wala mlango wa kugonga ikiharibika ni hasara, hata ukipewa bure.

FUNDI: Caguwa na kompyuta havifanani, mwalimu. Tuna mafundi cherehani wa kushona shati jipya Kigali. Hatuna kiwanda cha prosesa, na Afrika Mashariki nzima haina. Mashine ya 2018 inayoendeshwa miaka mingine minne au mitano imefanya kazi ambayo ingedai madini na umeme mwingi kuitengeneza upya. Ya 2011 ndiyo takataka inayovuka mpaka. Na tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unadai nchi inayopokea ikubali kwanza kabla taka yoyote ya elektroniki haijasafirishwa. Mpaka uwekwe kwenye umri na hali ya mashine, usiwekwe kwenye neno mtumba.

MWALIMU: Nani atausimamia mpaka huo pale dukani?

FUNDI: Mnunuzi aliyefundishwa. Na pale Bugesera tuna kituo cha Enviroserve kinachopokea vifaa vilivyokufa na kufufua vinavyofufuka. Tusiseme tena hakuna pa kuvipeleka.

MWANDISHI: Sina jibu kamili kwa mwalimu, na sitajifanya ninalo. Swali lake la kipuri, hata hivyo, ndilo muuzaji alikuwa akilisubiri.

MUUZAJI: Ahsante! Sasa nisikilizeni. Hizo OptiPlex na EliteDesk mnazozisifu, pawa saplai yake ikiungua mtafanya nini? Dell na HP wametumia viunganishi vyao wenyewe. Kwenye OptiPlex 7020 ya kizazi cha nne plagi kubwa ina pini nane, wakati dunia nzima inatumia ishirini na nne. Kasha langu linapokea pawa saplai yoyote ya duka lolote, kuanzia hapa hadi Rusizi. Na kijana wa mama anataka video. Kesho atataka kadi ya grafiki. Ataiingiza wapi kwenye kale kakasha kembamba ka ofisi?

FUNDI: Hapo umesema kweli, kaka, na anayeuza mashine za ofisi bila kuyataja hayo anamficha mteja. Pawa saplai ya kasha jembamba huwa na wati 200 na ushee. Kadi ya grafiki lazima iwe ya kimo kifupi na ile inayokula umeme kutoka kwenye tundu lake tu, wati 75 mwisho: GTX 1650 ya namna hiyo, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024. Mwenye mpango wa kadi anunue kasha refu la ofisi, asinunue jembamba. Na anayenunua Dell au HP aulize kabla ya kulipa: pawa saplai ya pili unayo? Kigali zinapatikana, kwa sababu mashine zenyewe zimejaa, lakini lazima uulize.

Sasa tuitazame yako. Imeandikwa wati 500?

MUUZAJI: Imeandikwa 500.

FUNDI: Soma mstari wa volti 12 kwenye lebo. Nyingi za namna hiyo nilizoshika zimeandikwa ampea 18. Zidisha 18 kwa 12, unapata wati 216, na prosesa pamoja na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kwenye mstari huo. Nyingine hazina namba hiyo kabisa. Ukiinua ni nyepesi mkononi, maana vilivyopaswa kuwemo ndani havimo. Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, inaondoka na bodi na diski, na diski ndiyo yenye kazi za wateja.

MWANDISHI: Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha. Mnunuzi huuliza RAM, huuliza ukubwa wa diski, huuliza i ngapi. Mauzo yote ya kompyuta rahisi yamejengwa juu ya maswali hayo matatu, kwa hiyo kasha hujazwa vitu vinavyojibu maswali hayo na gharama hupunguzwa pale pasipoulizwa: pawa saplai, bodi, na umri wa diski. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayosoma saa ambazo diski imewashwa tangu itoke kiwandani. Mashine ya ofisi inayowashwa saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufikisha saa 10,000 kwa miaka mitano. Ukikuta saa 40,000, diski hiyo ilikuwa haizimwi usiku wala mchana. Pengine ilikuwa inarekodi kamera za ulinzi. Ikatae, au ipunguziwe bei ya SSD mpya.

MAMA: Na huyu kijana wangu wa video? Anasema i7 ndiyo inayokata video.

FUNDI: Mwambie apige video kwa simu yake, aje nayo dukani kwenye fleshi. Simu nyingi sasa zinaweza kurekodi kwa mfumo wa HEVC. Ndani ya i5-8500 kuna sehemu ya grafiki inayoufungua na kuufunga mfumo huo yenyewe. i7-2600 ilitengenezwa kabla mfumo huo haujakamilishwa mwaka 2013. Itafungua kwa nguvu za prosesa, feni itapiga kelele, picha itakwamakwama. Dakika mbili za majaribio zitamwonyesha. Na akiona kadi ya GTX 1050 Ti kwa bei ya kushangaza, aipime kwa programu ya GPU-Z. Zipo za zamani zilizoandikwa jina jipya ndani ya chipu yake.

MWALIMU: Mimi ningemnunulia mama laptopu. Umeme ukikatika anaendelea na kazi.

MAMA: Nikiweka laptopu dukani, mwalimu, jioni lazima nibebe. Na mteja anataka kuona jina lake limeandikwaje kabla sijatuma. Skrini kubwa inamgeukia.

FUNDI: Na laptopu ya mtumba betri yake imechoka, kwa hiyo hiyo saa ya ziada ni ya kubahatisha. Mashine ya i5-8500 na skrini yake, kwa kazi za mama, hula karibu wati 50. Saa kumi kwa siku, siku 26, ni kama uniti 13 za umeme wa cash power kwa mwezi. Kasha la taa litakula zaidi kwa kazi ileile. Umeme ukikatika, UPS ndogo itampa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani. Ila aihesabu ndani ya laki nne, asiifikirie baadaye.

MWANDISHI: Hukumu yangu basi. Kasha la taa lenye i7-2600 kwa laki nne, mama aliache, hata likipunguzwa hadi laki tatu. Mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, iliyofunguliwa mbele yake, yenye SSD, RAM ya GB 8 au 16 na pawa saplai ambayo kipuri chake kimeonyeshwa, anunue. Salio aweke kwenye UPS. Kijana akishajua kama video ndiyo kazi yake kweli, atatafuta kadi yake mwenyewe. Na kwa mwanafunzi anayehama chumba kila muhula, mwalimu ana haki: laptopu.

MUUZAJI: Mngeniuliza tangu mwanzo. EliteDesk 800 G4 ninazo mbili stoo.

MAMA: Mbona hukunionyesha, mwanangu?

MUUZAJI: Watu hawazitaki, mama. Wanaona kasha la kijivu wanapita. Wanataka taa.

MAMA: Mimi nataka kula. Kwenye risiti ya EBM utaniandikia nini?

MUUZAJI: "Kompyuta", kama kawaida.

MWALIMU: "Kompyuta" haitoshi. Aina, namba ya prosesa, RAM, na namba ya utambulisho iliyo kwenye kasha. Bila hivyo garanti yako ni maneno.

MUUZAJI: Nitaandika. Lakini garanti mwezi mmoja, ni mtumba huo.

MAMA: Lile la taa lilikuwa miezi mitatu, na mwandishi ameshaniambia nalo ni mtumba.

MUUZAJI: Miwili, mama, na pawa saplai ndani ya garanti.

FUNDI: Na betri mpya ya saa, ile CR2032. Ikiwa imekufa tarehe inarudi nyuma kila akizima umeme, na tovuti zinamkatalia kuingia.

MAMA: Kesho asubuhi nakuja na fundi. Ukifungua kasha mbele yangu, hiyo ya miezi tutaimaliza hapohapo.